Picha ya kichwa ni safi, mbona binti yangu bado anaumwa?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina binti wa miaka 16, yuko kidato cha tatu, anacheza mpira wa kikapu. Jumamosi iliyopita aliruka kugombea ribaundi akapigwa kiwiko cha kichwa, akaanguka chali, kisogo kikagonga sakafu ya saruji. Hakuzimia. Wakammwagia maji, akakaa kidogo, akarudi kucheza mpaka mwisho. Usiku alitapika mara moja. Jumapili tulikwenda wote Mwaloni kwenye biashara yangu ya dagaa, kelele zikamshinda, akarudi nyumbani kulala. Jumatatu nikampeleka hospitali. Malaria hana, picha ya kichwa wakasema ni safi, wakatupa dawa za maumivu. Leo Alhamisi bado kichwa kinamgonga akiwa darasani, na amekuwa na hasira mpaka wadogo zake wanamkwepa. Kocha anasema ameshapona, na Jumamosi ya wiki ijayo kuna mechi ya kuchagua timu ya UMISSETA. Je, nimruhusu? Na kama picha ni safi, mwanangu anaumwa nini? (Mama, Kirumba, Mwanza)

JIBU: Marahaba, dada yangu, na pole sana. Nianze na hilo la mechi, maana ndilo lenye tarehe. Jumamosi ya wiki ijayo asicheze, hata kama ataamka siku hiyo akakwambia hasikii maumivu yoyote. Yaliyobaki nitakayoandika ni kukueleza kwa nini nasema hivyo bila kusitasita, na nini ufanye kuanzia leo jioni.

Kwa maelezo yako, binti ana dalili za mtikisiko wa ubongo. Mimi simwoni, kwa hiyo daktari atakayemkagua ana kwa ana ndiye wa kuthibitisha. Lakini pigo la kichwa, kutapika usiku wake, kelele kumshinda, kichwa kugonga akisoma, na hasira ambazo wewe mama yake unaona si zake, mambo hayo yakija pamoja huwa siyachukulii kwa wepesi. Watu wengi bado wanaamini kwamba asiyezimia hakuumia. Ukweli ni kwamba wachezaji wengi wanaopata mtikisiko wa ubongo hawazimii kabisa. Wanaopoteza fahamu hawafiki hata mmoja katika kila kumi.

Sasa hiyo picha. Kama ilikuwa eksirei ya kawaida, imeonyesha mfupa tu, ubongo haukuonekana hata kidogo. Kama ilikuwa kipimo cha CT, kimetafuta damu iliyovuja na fuvu lililopasuka, na kutokuviona ni habari njema sana, ishukuru. Ila mtikisiko hauonekani humo, kwa sababu kilichoharibika ni utendaji, umbo liko vilevile. Ubongo ni kitu laini, chenye uzito wa takribani kilo 1.4, kimeelea kwenye maji ndani ya fuvu. Kisogo kinapogonga saruji, fuvu linasimama ghafla lakini ubongo bado uko safarini. Na kiwiko kinapougeuza uso kwa nguvu, ubongo unazungushwa, nyuzi zake zinavutwa, na huko kuzungushwa ndiko kunakodhuru zaidi. Chembe za ubongo zinavujisha madini ya potasiamu nje, kalsiamu inaingia ndani, na kila chembe inaanza kutumia sukari nyingi kurudisha mambo mahali pake wakati uleule ambapo damu inayoleta hiyo sukari imepungua.

Wewe uko Kirumba, umeona mitumbwi. Chukua mtumbwi uliopigwa wimbi ukaingiwa maji. Mbao ni nzima, hakuna ulipopasuka. Lakini wavuvi wote wameacha makasia, wameshika ndoo wanachota na kumwaga. Ukiupiga picha ukiwa ufukweni utasema mtumbwi mzima ule, mbona hausogei? Ndivyo alivyo binti yako darasani. Nguvu ya kusoma, kuvumilia kelele na kuvumilia wadogo zake imekwenda kwenye kuchota maji. Na wimbi la pili likiukuta katika hali hiyo, hata dogo, linaweza kuuzamisha.

Hilo wimbi la pili ndilo linalonifanya niwe mkali. Pigo jingine kabla ubongo haujapona linaweza kuufanya uvimbe ghafla ndani ya fuvu lisilo na nafasi. Hutokea mara chache, lakini likitokea huua, na walioandikwa kwenye kumbukumbu za kitabibu wengi ni vijana wa umri wa binti yako. Kanada kulikuwa na msichana wa miaka 17, Rowan Stringer, nahodha wa timu ya raga ya shule yake. Mwezi Mei 2013 aligongwa kichwa zaidi ya mara moja ndani ya wiki moja, akaendelea kucheza, na baada ya pigo la mwisho hakuamka tena. Jimbo la Ontario likatunga sheria mwaka 2018 yenye jina lake. Kuna jambo moja katika habari yake ambalo huwa nawaambia wazazi: alihisi ana tatizo, akawaandikia marafiki zake kwa simu kwamba huenda ubongo wake umetikisika. Wazazi hawakujua. Kwa hiyo, dada yangu, leo usimhoji binti peke yake. Mtafute rafiki yake anayekaa naye dawati moja, umuulize kwa upole: amebadilika nini tangu Jumamosi? Utasikia mambo ambayo nyumbani hayasemwi.

Mimi mwenyewe nilijifunza hili kwa njia ngumu. Miaka ya mwanzo ya kazi nilikaa benchi la timu moja ya vijana. Mchezaji akagongana kichwa na mwenzake, nikamfuata, nikamuuliza, "Unajisikiaje?" Akajibu, "Poa, dokta." Nikamrudisha. Tulipokuwa kwenye Hiace tunarudi mjini akaniuliza, "Tumeshinda?" Nikamjibu. Tulipofika Mabatini akauliza tena, "Hivi tumeshinda?" Kabla hatujashuka akauliza mara ya tatu, kwa sauti ileile, kama hajawahi kuuliza. Mwili wangu ulipoa. Alipona, nashukuru Mungu, lakini tangu siku ile swali la "unajisikiaje" nimelifuta. Anayeulizwa ndiye aliyeumia ubongo, na kiungo unachokitaka kitoe ushahidi ndicho kilichojeruhiwa.

Badala yake kocha aulize: tuko kiwanja gani? Hii ni robo ya ngapi? Nani kafunga mara ya mwisho? Mechi iliyopita tulicheza na nani, tulishinda? Akikosea hata moja, anatoka na harudi siku hiyo. Akijibu yote sawasawa bado hajafaulu, kwa sababu dalili nyingine hukawia. Binti alitapika usiku, saa kadhaa baada ya mechi. Ndiyo maana kanuni ni fupi: ukishuku, mtoe, na siku hiyo asirudi.

Kocha anaweza kusema hana wachezaji wa kutosha, na hapo mimi humkumbusha mchezo wake mwenyewe. Kikapu si kama mpira wa miguu ambako kumtoa mchezaji ni kupoteza nafasi. Kwa kanuni za FIBA, shirikisho la kikapu duniani, mabadiliko hayana kikomo, na mchezaji aliyeumia akihudumiwa kiwanjani anatakiwa abadilishwe, isipokuwa timu ingebaki na pungufu ya watu watano. Mchezo wenyewe umemfungulia mlango wa kumtoa mtoto bila hasara. Mwaka 2016, kwenye fainali za NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, Kevin Love wa Cleveland alipigwa kiwiko cha kisogo akigombea ribaundi, karibu sawa kabisa na binti yako. Aliendelea kucheza, robo ya tatu kizunguzungu kikamzidi, akatoka. Mechi ya tatu hakucheza, na Cleveland wakashinda 120 kwa 90 bila yeye, na mwisho wakatwaa ubingwa. Ikiwa kwenye fainali ya namna ile mchezaji ghali kama yule aliwekwa pembeni, mechi ya kuchagua timu ya mkoa inaweza kumsubiri mtoto wa kidato cha tatu.

Nije kwenye malaria, maana ndiyo inayotuchanganya ukanda huu wa ziwa. Kichwa, kichefuchefu, uchovu, kukosa hamu ya ugali: mzazi yeyote wa Mwanza atasema malaria, na kumpima ni sahihi kabisa, ulifanya vizuri. Tatizo ni pale kipimo kinaporudi hakina kitu halafu tunapewa dawa ya maumivu na safari inaishia hapo. Ukirudi hospitali, neno la kwanza liwe "aligonga kichwa Jumamosi", kabla ya "kichwa kinamuuma". Mpangilio huo wa maneno hubadilisha maswali ya daktari. Na akipata homa kweli katika siku hizi, apimwe tena. Mtikisiko hauleti homa.

Saa za hatari kubwa ameshazipita, lakini zijue, kwa ajili yake na kwa watoto wengine wa timu. Pembeni ya kichwa, juu ya sikio, mfupa ni mwembamba na mshipa wa damu unapita chini yake. Ukipasuka, mtoto anaweza kusimama, akacheka, akanywa soda, akasema ni mzima, na baada ya saa chache akazama usingizini asiamke. Kwa hiyo mtu aliyegongwa asiachwe peke yake siku hiyo na usiku wake. Kichwa kinachozidi kuuma badala ya kupungua, kutapika kunakorudia, degedege, usingizi mzito usio wa kawaida, kuongea ovyo au kuwa mkorofi ghafla, kuona vitu viwiliviwili, mkono au mguu kulegea au kufa ganzi, shingo kuuma, maji mepesi kutoka puani au sikioni: lolote kati ya hayo ni hospitali muda huohuo, Sekou Toure au Bugando, usiku au mchana. Walioko Ukerewe wasisubiri waone kutakuchaje. Waende kituo cha karibu mara moja, na mipango ya kuvuka ianze mapema, kwa sababu maji hayavukwi saa unayotaka wewe. Wenzetu wa Sengerema angalau tangu Juni 2025 wana daraja la Kigongo–Busisi na hawasubiri tena kivuko.

Na aliyelala chini analalamika shingo asinyanyuliwe na wenzake wanne na kukunjwa ndani ya bajaji. Ashikiliwe kichwa na shingo vilivyo mpaka msaada ufike. Maji ya kummwagia usoni hayatibu kitu. Usingizi nao haukatazwi, kinyume cha tunavyoambiana: aliyeangaliwa na daktari akaonekana hana dalili za hatari alale, ubongo unauhitaji. Usiku wa kwanza tu awe na mtu karibu, amwangalie kama anapumua vizuri na anaamshika.

Kuanzia leo basi. Zamani tuliwaambia wagonjwa hawa wakae chumba chenye giza mpaka dalili ziishe. Hatufanyi hivyo tena. Wataalamu wa dunia waliokutana Amsterdam mwaka 2022 walikubaliana kwamba mapumziko makubwa ni ya siku moja hadi mbili, na simu ipunguzwe katika siku hizo, kisha mtu aanze kutembea na shughuli nyepesi. Binti wako ameshavuka siku hizo. Atembee jioni, dakika 15 au 20, njia tambarare, si kupandisha Bugarika. Kichwa kikiongezeka kidogo na kutulia ndani ya saa moja, yuko sawa. Kikipanda sana, amezidisha, kesho apunguze.

Shule aende, lakini si kwa siku nzima mara moja. Mwone mwalimu wa darasa, umwombe nusu siku kwa siku chache, na ruhusa ya kutoka nje dakika kumi kichwa kinapogonga. Nitakupa siri moja ya darasani: kinachowatesa zaidi watoto hawa ni kunakili ubaoni. Macho yanapanda ubaoni, yanashuka kwenye daftari, yanapanda tena, na kwa ubongo uliotikisika kila mpando ni kama kushuka kwenye mtumbwi na kukuta ardhi bado inacheza. Asikilize tu mwalimu, daftari la rafiki litanakiliwa nyumbani kidogokidogo. Mwaloni asiende kwanza. Pikipiki asipande, na kama anaendesha baiskeli, aiache.

Dawa: parasetamo inatosha, na asiimeze kila siku kwa mazoea. Kama mlipewa diklofenaki au ibuprofeni, hizo na aspirini tunaziepuka hasa saa 48 za mwanzo kwa ajili ya hofu ya damu kuvuja. Sasa muulize daktari kabla ya kuendelea. Tena, kichwa kilichotulizwa na kidonge hakihesabiki kuwa kimepona. Siku ya kwanza bila maumivu ni ile ambayo hakumeza kitu.

Mtoto wako anaelekea kupona kabisa, nataka hilo ulishike. Watu wazima wengi hupona ndani ya wiki mbili, vijana wa umri wake ndani ya wiki nne. Wasichana katika kikapu hupata mtikisiko zaidi kuliko wavulana, lakini kupona wanapona. Ikipita wiki ya nne bado dalili zipo, arudi kwa daktari, ikiwezekana pamoja na mtaalamu wa fiziotherapia, kwa sababu wakati mwingine chanzo cha kichwa kile ni shingo iliyoumia pamoja, na shingo inatibika.

Kurudi uwanjani kunakwenda kwa ngazi, na kila ngazi isipungue siku nzima. Baada ya kutembea, akimbie polepole. Kisha apige mpira na kurusha kikapuni peke yake, pasipo mtu wa kumgonga. Hapo anasimama. Kwenda kwenye mazoezi na wenzake kunahitaji asiwe na dalili hata moja, akitulia na akikimbia, na daktari amruhusu. Ndipo mazoezi ya timu yasiyo na kugusana, baadaye mazoezi kamili ya kugombea mpira, mwisho mechi. Dalili ikirudi kwenye ngazi yoyote, anashuka moja na kusubiri. Kwa kuwa mitaani na mashuleni kwetu hatuna daktari wa michezo kila kona, mimi hufuata mwongozo ambao Uingereza ilitoa mwaka 2023 kwa michezo ya kawaida isiyo ya kulipwa: siku 14 bila dalili kabla ya mazoezi ya kugongana, na mechi isiwe kabla ya siku 21 tangu kuumia.

Tuhesabu pamoja. Mechi ya kuchagua timu itakuwa siku ya 14, na leo, siku ya 5, bado anaumwa. Tuseme kichwa kikiacha kabisa Jumatano ijayo. Ongeza siku 14, unafika Jumatano nyingine mbili mbele. Siku tatu za mazoezi kamili, na mechi yake ya kwanza, mapema kabisa, ni Jumamosi ya nne tangu alipoanguka. Dalili zikichelewa kuisha, na tarehe inasogea.

Kwa kocha nenda mwenyewe, usimtume mtoto. Nadhani ni mtu anayempenda, wengi wao hujitolea jasho lao bila malipo. Mpe hesabu hiyo kwenye karatasi, na umwombe amtazame binti kwa mechi alizokwisha kumwona akicheza. Huyo mtoto anaweza kukaa benchi Jumamosi hiyo akiandika pointi na faulo, ikiwa kelele hazimsumbui tena, ili asijione ametupwa; kwa kijana wa miaka 16 kutengwa na wenzake ni maumivu ya pili. Na mkiwa hapo kiwanjani, angalieni nguzo ya goli. Kama ni chuma kitupu, godoro kuukuu la sponji likizungushwa na kufungwa kwa kamba za mpira hadi urefu wa mtu ni kazi ya asubuhi moja, na wazazi watatu wanatosha.

Jumatatu nipe habari: amelalaje, darasani ameweza vipindi vingapi, na rafiki yake wa dawatini alisema nini.